Paa wa Mwisho wa Msimu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Brussels



 Wapo kati yetu waliotoka Ujiji na Kigoma, wapo waliotoka Bujumbura, Kalemie, Dar es Salaam na Maskati, na wapo waliopanda tramu tu kutoka Schaerbeek na Molenbeek, nao ndio waliochelewa kuliko wote. Karibuni nyote.

Kamati ya maandalizi iliniomba nizungumze juu ya jambo moja ninalolijua vizuri. Nilifikiri kwa siku nyingi. Siasa wapo wanaoijua kuliko mimi, na dini tumemwachia shehe wetu. Ninalolijua mimi kwa miguu yangu na kwa baridi ya vidole vyangu ni kumwinda paa katika misitu ya nchi hii, hasa zile wiki za mwisho wa msimu, wakati ambapo paa waliobaki ni wale tu wasiotaka kuonekana. Basi nitazungumza juu ya hilo. Vijana walioniuliza mara nyingi, "Babu, unakwenda kufanya nini huko Ardennes na baridi yote hii?" leo watapata jibu. Aidha, mwishoni nitaungama kosa langu moja, kwa sababu mzee anayefundisha bila kutaja makosa yake anafundisha nusu.

Uwindaji katika ukoo wetu haukuanzia Ulaya. Babu yetu alikuwa mpakiaji mizigo katika bandari ya Kigoma, ambako Wabelgiji walikuwa na gati lao chini ya mkataba wa mwaka 1921. Lakini marehemu baba yangu hakupenda kazi ya kamba na magunia. Yeye alipenda vilima vilivyo nyuma ya Ujiji, na mnyama aliyempenda kuliko wote alikuwa mbawala. Alikuwa na gobori moja tu, bunduki ambayo ukishaipiga huna budi kukaa chini na kuishindilia upya, na kwa wakati huo mbawala amekwisha fika mto wa pili. Kwa hiyo baba hakupiga mpaka awe na hakika. Mwaka 1973 Serikali ilipopiga marufuku uwindaji Tanzania nzima, aliitundika ile gobori ukutani. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1978 macho yake yalikuwa yamekwisha dhoofika, hakuishusha tena. Nasaha zake, hata hivyo, hazikutundikwa pamoja nayo, na nyingi katika hizi nitakazowapa leo ni zake.

Mimi nilifika Ubelgiji mwaka 1983. Miaka ya mwanzo nilikwenda Ardennes kwa kazi ya kufurusha, yaani kutembea msituni kwa safu pamoja na wenzangu, tukipiga kelele na kugonga miti, ili wanyama wakimbilie kule walikosimama wenye bunduki. Malipo yake yalikuwa posho kidogo na bakuli la supu ya moto. Baadaye nilifanya mtihani wa uwindaji, wenye sehemu ya nadharia na sehemu ya vitendo, nikapata kibali changu. Sheria mama ya uwindaji ya nchi hii ni ya tarehe 28 Februari 1882, ila mambo hayo yamekwisha kabidhiwa mikoa: Wallonia ina kalenda yake, Flanders ina yake, na mkoa wa Brussels umepiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1991. Huko Wallonia ninakowinda mimi, msimu wa paa hufungwa mwisho wa mwezi wa Desemba. Likishapita jua la siku ile, bunduki hurudi kabatini.

Sasa tumjue mnyama mwenyewe. Katika Ardennes wapo wanyama wawili wa jamii hii. Yupo yule mkubwa mwenye pembe za matawi, ambaye waliotafsiri Biblia walimwita ayala. Huyo ndiye aliyemo katika hadithi ya Mtakatifu Hubert, ambaye wawindaji wa huku humkumbuka kila tarehe 3 Novemba kwa kupiga baragumu kanisani. Ninayemzungumzia leo ni yule mdogo, ambaye Wafaransa humwita chevreuil na Waflemi humwita ree. Mimi humwita paa, kwa kukosa jina jingine lililo karibu zaidi. Uzito wake ni kilo 20 hadi 30 hivi, na mgongo wake haufiki kiunoni mwa mtu mrefu. Wakati wa joto ni mwekundu kama udongo wa Uvinza. Wakati wa baridi hugeuka kijivu kama gome la mti, na ana doa jeupe makalioni ambalo hulipanua anaposhtuka.

Nilipomsikia kwa mara ya kwanza nilisimama kama niliyepigwa na radi, kwa sababu paa huyu hubweka. Akishakunusa hubweka kwa sauti nzito kama ya mbwa mkubwa, na ndivyo afanyavyo mbawala wa kwetu. Tena hupenda kichaka kizito kilicho karibu na malisho, huishi katika eneo dogo analolijua kila upenyo, na akiona hatari huganda kimya akitumaini upite, kama mbawala. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba somo la baba lilikuwa limenitangulia kufika Ulaya.

Kwa nini basi mwisho wa msimu ni mgumu? Sababu ni nne.

Ya kwanza, majani yameanguka. Mtu asiyejua hudhani hiyo ni nafuu kwa mwindaji, kwa kuwa anaona mbali. La hasha. Paa naye anaona mbali, na yale majani yaliyoanguka yakishikwa na sakitu hulia chini ya kiatu kama mtu anayetafuna bisi.

Ya pili, wanyama wamekwisha soma. Tangu Oktoba wamefurushwa na mbwa, wamesikia milango ya magari ikifungwa asubuhi, wamenusa moshi wa sigara. Wale wepesi wa kudanganyika wamekwisha ingia sufuriani. Anayebaki Desemba ni yule aliyekwisha jua kwamba kelele ikianzia bondeni, usalama uko nyuma ya wale wanaopiga kelele; naye hulala chini, huwaacha wafurushaji wampite hatua tano, kisha huinuka taratibu na kurudi walikotoka.

Ya tatu, ni vigumu kumtambua. Dume huangusha pembe zake mwishoni mwa mwaka, naye huanza kuota nyingine chini ya ngozi laini. Kwa hiyo mwezi wa Desemba dume na jike hufanana kichwani. Mwindaji mwaminifu huangalia doa la makalioni: la dume lina umbo la figo, la jike lina umbo la moyo uliopinduliwa, na chini yake huning'inia kishungi cha nywele mfano wa mkia mfupi. Asiyeweza kuona hilo kwa darubini asinyanyue bunduki.

Ya nne ni mwindaji mwenyewe. Siku zimekuwa fupi, jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kalenda inakwisha, na watu nyumbani wanauliza nyama iko wapi. Nitairudia sababu hii, kwani ndiyo iliyonishinda.

Kwa hiyo mtu afanyeje? Nitawapa njia tano.

Njia ya kwanza: mtafute pale ambapo wengine wanaona aibu kumtafuta. Kila mwindaji hupenda kwenda ndani kabisa ya msitu mkubwa, chini ya misunobari mirefu, kana kwamba heshima ya mawindo hupimwa kwa umbali wa kutembea. Paa aliyefukuzwa miezi mitatu hayuko huko. Chini ya misunobari mizito hakuna jua na hakuna majani ya kula. Yeye wakati wa baridi hutafuta vichaka vya miiba, vile vyenye matunda meusi wakati wa joto, kwa sababu majani yake hubaki mabichi hata kwenye theluji, tena humpa chakula na kitanda mahali pamoja. Vichaka hivyo mara nyingi viko kwenye kingo: nyuma ya uwanja wa mpira, kando ya reli, katika shamba lililoachwa, kwenye mteremko mdogo unaopata jua la adhuhuri. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama uangalie. Ukiona mahali ambapo majani makavu yamekwanguliwa mpaka udongo ukaonekana, mviringo mdogo wa kumtosha mbuzi mmoja, jua kwamba paa hulala pale. Kabla ya kulala hukwangua majani kwa kwato. Ukiugusa udongo na kuuona haujashikwa na sakitu ilhali pembeni yake kumeganda, ondoka polepole, kwa maana mwenyewe hayuko mbali.

Njia ya pili: uulize upepo kabla ya kuuliza njia. Macho ya paa hushika sana kitu kinachotembea, lakini mtu aliyesimama tuli yanaweza kumkosa. Pua yake haimkosi mtu. Katika nchi ya vilima kama Ardennes, hewa baridi hushuka mabondeni jioni na alfajiri, na jua likipasha mteremko hewa hupanda. Kwa hiyo alfajiri mwindaji hukaa chini ya mahali anapomtarajia mnyama, na adhuhuri hukaa juu yake. Baba alikuwa na kifuko cha majivu, akikitikisa kila baada ya hatua mia. Mimi natumia unga wa muhogo, kwa sababu ndio unaopatikana Matonge. Wenzangu wa Ardennes walicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu mmoja aliniomba nimletee kifuko.

Njia ya tatu: kaa zaidi ya unavyoweza kukaa. Wawindaji wengi hupanda ulingoni alfajiri na kushuka saa tatu kwenda kunywa kahawa, kisha hurudi jioni. Lakini tumbo la paa ni dogo. Hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, hulala kucheua, kisha huinuka tena. Wakati wa baridi kali, na hasa pale alipokwisha jua kwamba asubuhi na jioni kuna watu, huinuka mchana kweupe, saa tano, saa sita, saa saba, watu wakiwa mezani. Wanyama wengi niliowapata mwezi wa Desemba niliwapata wenzangu wakiwa wanakula. Nguo nzito ya sufu, kipande cha godoro cha kukalia na chupa ya chai ya tangawizi vina msaada kuliko bunduki ya bei kubwa.

Njia ya nne: ukilazimika kumfurusha, mfurushe bila kelele. Mwisho wa msimu watu wawili au watatu tu, bila mbwa, wanaotembea polepole na kusimama kila mara kama wakata kuni, hufanya kazi kuliko watu ishirini wenye mbwa na tarumbeta. Paa aliyezoea makelele hulala. Paa anayesikia hatua zinazosimama na kuanza tena huingiwa na wasiwasi, akainuka na kutoka kwa mwendo wa kawaida. Anayetoka akitembea anaweza kutazamwa, kutambuliwa na kupigwa kwa hakika. Anayetoka akikimbia aachwe apite. Mwenye bunduki asimame kwenye upenyo ule mdogo ambao mnyama hurudia, maana paa hapendi kuhama eneo lake. Huzunguka na kurudi.

Njia ya tano: usitafute paa, tafuta kipande cha paa. Katika kichaka cha Desemba hutaona mnyama mzima aliyesimama kama katika picha. Utaona mstari mmoja uliolala mahali ambapo mashina yote yamesimama, nao ni mgongo. Utaona kitu cheusi kinachong'aa, nacho ni pua. Utaona jani moja likicheza ilhali hakuna upepo, nalo ni sikio. Tembea hatua tatu, simama, tazama kwa darubini kwa muda mrefu kuliko ulivyotembea. Anayekwenda hivyo hamalizi hata nusu kilomita kwa saa, na wala hajapoteza wakati wake.

Hizo ndizo njia tano. Sasa naja kwenye kosa langu.

Ilikuwa Desemba ya mwaka 2019. Katika kipande cha msitu tulichokodi wenzangu na mimi, si mbali sana na mji wa Saint-Hubert, alikuwapo jike mmoja mzee, mwembamba, mwenye sikio la kushoto lililochanika. Msimu mzima hakuna aliyemweza. Tulikuwa tukimwona mara moja, mbali, kisha anatoweka kwa wiki tatu. Alikuwa peke yake, hana mtoto aliyemfuata, na tulikubaliana kwamba kama kuna mmoja wa kutolewa mwaka ule, ni yeye.

Mwaka ule shangazi yetu mkubwa alikuwa amekuja kutoka Bujumbura kututembelea. Mimi, mbele ya watu wote mezani, nilimwahidi pilau ya paa siku ya mwaka mpya. Ulimi hauna mfupa. Ikaja tarehe 20, ikaja tarehe 25, paa hakuna. Tarehe 30, baada ya kukaa ulingoni tangu saa nne asubuhi, nilimwona akitoka kwenye ukingo wa msitu jioni, jua limekwisha zama, mwanga umekuwa wa kijivu kama yeye. Sheria iliniruhusu bado kwa muda mfupi. Alikuwa umbali wa hatua mia na ishirini hivi. Baba yangu na gobori yake asingepiga. Mimi nilikuwa na bunduki nzuri na ahadi mbaya. Nilisema bismillahi nikapiga, naye akapiga hatua mbele wakati uleule kidole changu kikivuta.

Nilijua mara moja. Mnyama aliyepigwa kwenye mapafu huruka na kukimbia, na damu yake ni nyekundu yenye povu, wala haendi mbali. Huyu alikunja mgongo, akaondoka akitembea, kichwa chini. Nilipofika mahali pale nikakuta damu kidogo, nyeusi, iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa. Hiyo ni alama ya tumbo. Kanuni yake kila mwindaji huisoma kabla ya mtihani: usimfuate. Weka alama mahali pale, ondoka kimya, mwachie saa nyingi alale, kisha mwite mtu mwenye mbwa wa kufuatilia damu.

Nami nikawasha tochi nikaingia kichakani.

Wanangu, hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Kupiga vibaya kunaweza kumtokea mtu yeyote, mkono ni mkono. Lakini kuingia kichakani kulitokana na haya: nilitaka jambo lile limalizike usiku uleule, kabla mtu yeyote hajajua. Nilisikia matawi yakivunjika mbele yangu. Nilikuwa nimemwinua kutoka mahali ambapo angekufa kwa utulivu, nikamfukuza na maumivu yake gizani.

Asubuhi ya tarehe 31, siku ya mwisho ya msimu, wenzangu walikwenda kuwinda. Mimi sikuwinda. Nilimsubiri mama mmoja wa kijiji cha jirani mwenye mbwa wa kazi hiyo. Alipofika aliniuliza swali moja tu: "Uliingia?" Nikamjibu, "Niliingia." Hakusema neno. Alimfunga mbwa ile kamba ndefu, tukaanza.

Mbwa alitupeleka zaidi ya kilomita moja. Alivuka kijito, akapoteza, akarudi nyuma, akapata tena. Hakutupeleka ndani ya msitu mkubwa, alitutoa nje. Tulipita nyuma ya malisho, tukafika kwenye kichaka cha miiba kilichobanana na ukuta wa bustani ya mtu, kiasi cha hatua arobaini kutoka jikoni mwa nyumba, ambako tuliwasikia watoto wakicheza ndani. Pale kulikuwa na vitanda vinane au tisa vya udongo uliokwanguliwa, vya zamani na vipya. Huko ndiko alikokuwa akiishi msimu mzima, tulipokuwa tukimtafuta milimani. Alikuwa bado hai. Yule mama alimaliza haraka kilichobaki.

Nyama ilikuwa imeharibika, haikufaa kuliwa. Na kuna jambo jingine ninalopaswa kuwaambia. Paa hawa hupandana kati ya Julai na Agosti, lakini Mwenyezi Mungu amewawekea siri ambayo wanyama wachache wanayo: mimba hulala. Tangu Agosti hukaa tumboni bila kukua, ndogo mno, jicho haliwezi kuiona, mpaka karibu na mwaka mpya ndipo huamka na kuanza kukua, ili mtoto azaliwe Mei au Juni, majani yakiwa yamejaa. Kama yule mzee alikuwa nayo au hakuwa nayo, sitajua kamwe. Tangu siku ile, hata hivyo, kila nimwonapo jike mwezi wa Desemba nakumbuka kwamba huenda sitazami mnyama mmoja.

Nilirudi Brussels usiku wa mwaka mpya mikono mitupu. Nilimweleza shangazi yote, tangu ahadi hadi tochi. Alinisikiliza akichagua maharage kwenye ungo. Kisha akasema: "Baba yako alikuwa akirudi mikono mitupu mara nyingi kuliko mnavyokumbuka. Na siku alipojeruhi, hakurudi mpaka ampate." Basi tukala maharage.

Ndugu zangu, sikuja hapa kuwafanya nyote wawindaji. Wengi wenu hamtashika bunduki maishani, nami nafurahi. Lakini neno la shangazi nimelibeba tangu siku ile, na kwa kuwa tumekutana wote ni lazima niliseme. Katika ukoo huu wapo waliojeruhiana. Mtu alisema neno jioni, kwa haraka, mwanga umekwisha, kwa sababu ya mirathi, au ya posa, au ya pesa zilizotumwa zisifike. Aliyelisema anajua kuwa limempata mwenzake pabaya. Sheria ya baba yangu ni kwamba aliyejeruhi ndiye mwenye wajibu wa kufuata. Majeruhi hana wajibu wa kuja. Tena asifuate na tochi usiku uleule, kwa pupa ya kujisafisha, maana atamfukuza mbali zaidi. Ampe muda. Amtafute mtu wa tatu mwenye hekima. Kisha afuate mpaka mwisho, hata kama msimu wenyewe utakwishia hapo. Na mara nyingi atamkuta yule aliyemdhani yuko mbali, amelala nyuma ya ukuta wa jirani.

Nimalizie kwa mwaliko. Hapa kando ya mji huu upo msitu wa Soignes, hekta zipatazo 4,400, ambamo watawala wa Brabant na wafalme waliwinda kwa karne nyingi. Katika jumba la Louvre mjini Paris vimo vitambaa 12 vilivyofumwa hapa Brussels miaka ya 1530 kwa michoro ya Bernard van Orley, kila kimoja cha mwezi wake, vinavyoonyesha uwindaji katika msitu huo. Tangu mwaka 2017 sehemu yake imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Barabara kuu zimeukata vipande, lakini mwaka 2018 lilifunguliwa huko Groenendaal daraja pana lililopandwa miti juu ya barabara ya mzunguko, ili wanyama wavuke kwa usalama. Na paa wamo, wale wale, mwendo wa dakika chache kwa treni kutoka hapa tulipoketi.

Kesho asubuhi nitakuwa kwenye stesheni ya Groenendaal saa moja kamili. Atakayependa aje, mkubwa kwa mdogo. Hatutakuwa na bunduki. Tutakuwa na darubini mbili, chai ya tangawizi na kifuko cha unga wa muhogo. Tutatembea hatua tatu na kusimama. Wenye viatu vyeupe wasilalamike, na wenye simu wazizime. Huenda tusimwone hata mmoja, nami nawaahidi hilo tu, kwa maana ahadi nyingine nimekwisha acha kuzitoa.